Babu yenu alikuwa anakufa kila siku kwa video za simu

Wakuu, mlioniamkia na ambao hamjaniamkia, marahaba.

Ninayoandika yametokea nyumbani kwangu Itetemia, sikuhadithiwa. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima enzi za Ujamaa, kwa hiyo msinicheke.

Mume wangu aliletewa simu janja na mwanetu. Akavaa waya masikioni, akahamia humo.

Video za magonjwa tupu! Leo figo, kesho moyo. Akaacha chumvi, akaacha maharage, mwisho hata matobolwa, viazi vyetu vya kukausha alivyokulia, eti vina sumu.

Hospitali wakampima, mzima. "Wananificha, Mama Zuhura," akaniambia.

Suruali ikawa inamdondoka. Siku moja akanionyesha pa kumzika. Hapo niliogopa kweli.

Maana huyu mtu namjua. Katika kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Nzega, redio ilikuwa moja, ya mwenyekiti. Habari ya kutisha tunaisikia wote, yeye ndiye wa kwanza kuitania, tunakwenda kulala tumepoa. Sasa anatishwa peke yake, nani amtanie?

Basi mchana mmoja majirani wamekuja tumenye karanga, nikauchomoa ule waya.

Sauti ikatoka: "Ukiamka usiku una kiu, figo zimekwisha!"

Bi Mwajuma akadakia, "Basi mimi ni marehemu, nisomeeni hitma!"

Tulicheka mpaka ungo ukapinduka. Mzee kanuna.

Lakini Asha, binti wa nyumba ya pili, hakucheka. Machozi yalimjaa. "Mimi nazitazama kila siku, na kiu hiyo ninayo hata sasa," akasema. "Nikizima taa naanza kuwaaga wanangu moyoni."

Mzee akamtazama sana.

"Mwanangu, wewe mzima. Kiu yako ni hizo karanga unazotafuna tangu umefika."

Alipojisikia mwenyewe akisema hivyo, akacheka. Akachota karanga, akatafuna. Mimi nikaingia jikoni kujifuta machozi, moshi nikausingizia.

Hajapona kabisa, sitawadanganya. Bado anazitazama. Ila sasa ni kwa sauti, barazani, na Asha anaitwa. Na anakula.

Nililojifunza: mzee wako akitishwa na simu usimnyang'anye, kaa naye mzisikilize pamoja hizo video. Na ugonjwa wa kweli ni hospitali, siyo kwangu.

Kwenu wapo wa hivi? Niambieni mnawafanyaje. Ila andikeni maneno mazima, hivyo vifupi vyenu vinanipandisha presha.