Sahani ya Baba

Harufu ya kisra ikiiva juu ya bamba la chuma hunirudisha Koboko, hata nikiwa katikati ya soko la Arua nikichagua nyanya. Ni harufu chachu kidogo, ya unga uliolala usiku kucha kwenye maji. Mama aliumwaga ule uji, akautandaza haraka kwa kipande cha jani, ukawa mkate mwembamba wa kukunjwa.

Sehemu ya mama ya kuuzia chakula tuliiita hoteli, wenzangu, ingawa haikuwa na kitanda hata kimoja. Ilikuwa na mabenchi, mabati na mama. Wateja wetu wa kujivunia walikuwa watalii waliokwenda kuona mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Walitoka kwa shangwe, wakafika, wakaona nyasi. Na nyasi za Kongo ni sawasawa na zetu. Basi walirudi na picha zao na njaa kali, mama akawapokea kwa furaha, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baba alikuwa amevuka mpaka na lori la vitunguu kwenda Yei. Vita vikazuka huko, habari zake zikakatika. Kila mchana, kabla ya mteja yeyote, mama alipakua sahani yake: kisra, mboga iliyokolezwa karanga na kipande cha samaki. Aliifunika kwa tabaga, kawa yetu sisi Wanubi, iliyofumwa kwa nyekundu na zambarau, akaiweka rafuni. Mimi nilikuwa mlinzi wake. Niliamini kabisa kwamba mtu hawezi kufa wakati chakula chake kinamngoja.

Siku moja watalii walichelewa, wakala mpaka masufuria yakabaki matupu. Dereva wao, mtu mzima wa Pajulu, alikuwa nje akifuta gari ambalo alikwisha kulifuta. Nilipomwita ndani alisema ameshiba. Mama alimtazama kidogo, kisha akanyoosha mkono rafuni na kuiteremsha sahani.

Nilimng'ang'ania nguo. Nilimwambia kile ni chakula cha baba.

"Mutu iko na njaa, mutoto yangu," alisema. "Baba yako, kama iko hai, iko mama ingine anapatia yeye chakula huko."

Dereva alikula polepole, akamaliza, akamwambia mama awadifo, asante ya Kilugbara. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikilia. Nilimchukia mama siku ile, nasema kweli. Niliona amemzika baba mbele ya wageni. Tangu hapo sahani iliendelea kupakuliwa, lakini haikukosa msafiri wa kuila.

Baba hakurudi.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipojiuliza jambo ambalo mtoto halimjii: kabla ya dereva yule, chakula kile chote kiliishia wapi? Nilimwuliza mama. Alisema jua likizama, sisi tukiwa tunaoga, alikipeleka nyuma ya nyumba, akachimba kwa jembe, akakifukia. Kumpa kuku chakula cha mumewe aliona aibu.

Kila jioni, peke yake, kishimo kipya. Mimi nilidhani siku ya dereva ndiyo siku aliyomzika baba. Kumbe ndiyo siku aliyochoka kumzika.