Saa ya Bosi Haiguswi

Bosi wangu wa Tunduma aliisogeza mbele saa ya kompyuta yake kwa dakika kumi, eti sisi wafanyakazi tuone aibu kuchelewa. Kwake hiyo ilikuwa akili. Kwangu mimi, fundi wa kompyuta katika ofisi yake ya kugomboa mizigo, ilikuwa balaa tupu.

Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, tulikuwa na dada mmoja Mnamwanga. Yeye alitutumia kwa barua pepe karatasi za kila lori lililotoka Zambia. Tofauti ya saa moja kati ya nchi hizi mbili hata muuza vitumbua wa mpakani huitoa kichwani. Lakini bosi alilinganisha saa ya kutumwa na saa yake ya kupokea, akaona dakika kumi zaidi kila mara.

"Anazikalia, madereva wanamhonga," alisema. "Mwisho wa mwezi arudi kwao."

Na dada yule alikuwa akisomesha wadogo zake kwa mshahara huohuo. Nilimweleza bosi kwamba saa yake ndiyo yenye kasoro.

"Saa yangu iko mbele, bwana. Mwenye kuchelewa ni aliye nyuma."

Nikatuma ujumbe uende Nakonde na kurudi, mbele ya macho yake. Ulirudi kabla hajakohoa.

"Huo ni wa kwenda na kurudi," akasema. "Mimi nataka wa kuja tu. Labda kwenda unakimbia, kuja unatambaa."

Jamani, nilichoka. Safari nzima ni kufumba na kufumbua, nusu yake itakuwaje dakika kumi? Lakini nikasema haya, tupime ya kuja tu. Kazi hiyo hutaka saa za pande zote mbili zikubaliane, na ya bosi haiguswi. Nikabeba kompyuta yangu ya mkononi hadi Nakonde, nikailinganisha na ya dada, nikarudi nayo. Afisa wa mpakani akaniuliza risiti yake wakati wa kutoka, akaniuliza tena wakati wa kuingia, kana kwamba nilikwenda kuinunua wakati ule.

Dada akatuma. Barua ikafika kwangu papo hapo. Nikampelekea bosi matokeo.

"Hiyo ni kompyuta yako," akasema. "Kwangu inachelewa."

Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, mbuzi habishi. Nilikasirika hadi chakula cha mchana kikanishinda. Nikampigia dada simu, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo, kaka, shida yake ni saa tu?"

"Ni saa tu."

Siku hiyohiyo akaisogeza ya kwake mbele, robo saa nzima. Kesho yake bosi akaniita ofisini, uso unang'aa, akanionyesha kioo cha kompyuta.

"Unaona? Mtu ukimbana anafanya kazi. Barua ya leo imefika dakika tano kabla hajaituma. Huyo simfukuzi tena."