Miti ya Mbuzi Wangu

Wewe, umewahi kusalimia mti asubuhi ukangoja ujibu? Usinicheke. Mimi nafanya hivyo kila siku, na akili zangu ziko sawa. Mzee wangu alifariki, watoto wako Nairobi, na jirani wa karibu ni mpaka upige kelele. Sasa nisalimie nani?

Ngoja nikuambie. Sisi tulikuwa watu wa mifugo, huko upande wa Modogashe. Ukame ukatumaliza, tukabaki na mbuzi sita. Tukaja hapa Garissa, tukapata kashamba karibu na mto Tana. Kulima hatukujua! Niliona shamba za watu wa bara ni safi, mahindi tu, nikadhani kulima ni kufyeka. Nikakata migunga yote. Miiba yake nikafanya ua, nikajisifu mpaka basi.

Wallahi nilijuta. Upepo ukabeba udongo. Mvua ikija, maji yanateleza kama kwa lami, yanaenda mtoni na mbegu zangu. Jembe likigonga chini linalia ngee! Kunde ikatoka ya manjano, imekonda kuliko mimi.

Halafu ugonjwa ukaingia, mbuzi wakaenda mmoja mmoja. Wa mwisho alipokufa nililia, nikafunga zizi, sikukanyaga tena pale. Mvua ilipopita nikachungulia. Kumbe migunga midogo imeota kwa mavi yao! Walikula matunda yake huko malishoni, mbegu ikatoka nyuma na mbolea yake kabisa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikailinda, nikaipa majina ya mbuzi wangu. Mti huu nikauita kilema, ule mwizi wa unga, yule pale pembe moja. Imekua mirefu. Majani yanaanguka, yanaoza, udongo umekuwa mweusi, laini. Chini yake kunde inanenepa, hata jua likiwa kali ukichimba na kidole unapata unyevu. Nyuki wamerudi, ndege pia. Lakini ndege hawaulizi umelalaje.

Juzi kijana wangu akapiga simu. "Hooyo, uza hiyo shamba uje Nairobi. Nimepata mtu wa makaa, anataka hiyo miti. Huko unakaa na nani?"

"Na mbuzi."

"Mbuzi gani? Si walikufa?"

"Njoo uone."

Akaja kweli, na binti yake. Nikasalimia miti mbele yao, mmoja mmoja kwa jina. Mtu wa makaa pia akafika, anapima shina na mikono. Moyo wangu ukakauka. Huyo msichana akachuchumaa chini ya kilema, akachota udongo. "Aabo, shika huu." Akakimbia nje ya kivuli. "Sasa shika huu." Baba yake akashika. Huku laini, kule jiwe. Akamgeukia yule mtu, akamwambia aende.

"Hooyo akiwa hai, miti itakaa," akasema.

"Na nikifa?"

Akapangusa udongo mikononi. Jioni wakapanda gari, na mimi nikaanza kuogopa ile kimya ya nyumba. Ndio msichana akateremka tena, akanishika mikono.

"Ayeyo, nikimaliza shule nitakuja kukaa hapa, na hakuna mtu atakata. Na kutoka kesho, kila asubuhi nitakupigia simu. Wewe ukisalimia kilema, weka simu karibu na yeye. Mimi ndio nitajibu."