Kola ya Diwani

Stephen Kipyego alikuwa akitibu mifugo katika ofisi ndogo ya serikali hapa Eldoret, miaka ile ambayo hata mkutano wa kuogesha ng'ombe haukuanza kabla chama hakijasifiwa. Hakuwa na shahada, alikuwa na cheti tu, lakini kwetu anayeokoa ng'ombe huitwa daktari, na Stephen alikuwa ameokoa wengi. Alizaliwa Sugoi, akakua akichunga. Angeweza kusimama langoni, amtazame ng'ombe akipita, akakwambia ni ukwato gani unaouma. Wakulima walimpenda kwa hilo, na pia kwa sababu hakuwahi kumrudisha mtu nyumbani bila jibu.

Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyomwaibisha.

Meza yake ilikaa barazani, benchi la wanaongoja likiwa mbele yake kabisa, kwa hivyo kila shida ya kila boma ilisikika na wote. Kwa wenye ng'ombe haikuwa tatizo. Ng'ombe mgonjwa si aibu. Lakini asubuhi moja alikuja Angeline Adero, mjane aliyekuwa akishona nguo mtaani West Indies, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Nilikuwa mpangaji wa chumba kilichopakana na chake, ndiyo maana naijua habari hii.

Ndani ya kikapu alikuwa Diwani, sungura mweupe mwenye masikio ya kijivu. Jirani mmoja aliyehamia Timboroa alimwachia Angeline sungura huyo ili amchinje. Kabla ya siku ya kuchinja kufika, sungura akajilalia chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, na alipoamka akaja kulala juu ya mguu wa Angeline, ule unaokanyaga. Basi. Hakuchinjwa tena.

Wanawake wa ploti, wapangaji wenzetu, walimcheka. "Mama, mboga yako inanenepa."

"Huyo si mboga. Huyo ni Diwani."

"Diwani kwa nini?"

"Anakula, analala, na hajawahi kuniuliza shida yangu."

"Shusha sauti, Mama. Kuta za huku ni mbao."

Pale ofisini hakukuwa na mzaha. Zamu yake ilipofika, Angeline aliinama mezani akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu mnyama anakula uchafu wake."

"Sema nisikie, Mama."

"Anainama hapa chini, anauchukua unapotoka tu, anameza. Nimemwona asubuhi nyingi."

Benchi lilisikia. Mzee Kipkemboi, mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, na kofia ya kuonyesha hivyo, akasema, "Mama, si umpe chakula? Hata mimi ukininyima nitatafuta."

Wakacheka. Stephen hakucheka, ila aliuliza swali lililokuwa baya kuliko kicheko: "Kwani unamlisha nini?"

"Nyasi. Na majani ya sukuma kutoka sokoni. Kila siku, Daktari."

"Basi kama ameshiba, ni tabia mbaya."

Hapo ndipo alipokosea, na ni mtu wa ng'ombe tu angeweza kukosea hivyo. Kwetu kuna ng'ombe anayejinyonya. Hugeuza shingo, akayamaliza maziwa yake mwenyewe, na mwenye boma hubaki na ndoo tupu. Dawa yake ni kumvisha kola ya mbao shingoni ili mdomo usifike chini. Stephen alikuwa ametengeneza kola kama hizo tangu akiwa mvulana. Alipomwona Diwani akiinamisha kichwa katikati ya miguu, hakuona sungura, aliona ng'ombe mdogo anayejinyonya. Akachukua ndoo ya plastiki iliyopasuka, akakata duara, akalainisha kingo kwa bandeji, akamfunga Diwani shingoni. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Mzee Kipkemboi akaisifu.

Angeline aliondoka akiwa amekifunika kikapu vizuri zaidi kuliko alivyokuja. Tangu siku hiyo, akipita sokoni, kulikuwa na wanaomwita Mama Njaa.

Sitasema kwamba Stephen alikuwa mtu mbaya. Nitasema kwamba alifundishwa vibaya, na nitalisema kwa sauti. Chuoni, alivyonieleza mwenyewe baadaye, ng'ombe alichukua karibu kozi yote, kondoo na kuku wakagawana iliyobaki, na sungura akaachiwa kurasa za mwisho wa kitabu, ambazo mwalimu aliwaambia wajisomee. Hakuna aliyejisomea. Kisha serikali hiyohiyo ikawaambia watoto wa shule wafuge sungura kwa ajili ya maendeleo. Wafuge, na wakiugua waulizwe nani? Mnyama asiyeleta maziwa wala kodi hana daktari katika nchi hii, na mwanamke anayempenda mnyama wa namna hiyo anaonekana hana akili.

Diwani alianza kukonda. Angeline akarudi ofisini.

"Daktari, amekuwa mwepesi kama khanga."

"Atazoea. Hata ng'ombe hukasirikia kola mwanzoni."

"Hawezi kujilamba."

"Mwongezee sukuma. Halafu uje kwenye siku ya wakulima, Mama. Kutakuwa na banda la sungura, na mtaalamu anatoka Nairobi. Utajifunza."

Alisema hivyo kwa wema. Angeline akaja, amevaa gauni lake la kanisani.

Mtaalamu aliitwa Wanyama, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Baada ya kukisifu chama alimwinua sungura kutoka kizimbani akauliza, "Ng'ombe akishakula nyasi, anafanya nini?"

"Anacheua," wakulima wakajibu.

"Vizuri. Chakula kimoja, anakitafuna mara mbili. Sungura naye anacheua, ila chake kinazunguka njia ndefu." Akaonyesha mkia. Watu wakaanza kucheka. "Chekeni, lakini sikieni. Zile punje kavu mnazofagia ni uchafu. Kuna tonge jingine, laini, hamtaliona, kwa sababu analichukua mwenyewe linapotoka. Humo ndimo kuna nguvu yake. Ukimzuia, unamnyima chakula chake. Na mimi nimezunguka, nimekuta maofisa wetu, watu wa serikali, wamewavisha sungura kola kama ng'ombe anayejinyonya."

Uwanja ukaangua kicheko. Stephen, aliyesimama kando ya banda akiwa na beji ya ofisi kifuani, alicheka pia. Alicheka kwa nguvu kuliko aliyekuwa karibu naye, jinsi mtu anavyocheka akiogopa kuangaliwa.

"Kuna mtu hapa amewahi kuiona hiyo kola?" mtaalamu akauliza.

Ndipo Stephen alipomwona Angeline kwenye mstari wa pili. Hakuwa akicheka. Midomo yake ilifunguka. Alimtazama Stephen, akaitazama beji, kisha midomo ikafungika, naye akainamisha uso chini kana kwamba yeye ndiye aliyekata ile ndoo. Mtaalamu akaendelea na mambo ya vizimba.

Stephen aliniambia kwamba angependelea atajwe jina. Mtu ambaye yeye mwenyewe alimwaibisha mbele ya benchi zima alikuwa amemfichia aibu yake mbele ya uwanja mzima.

Hakungoja chakula cha wageni. Alichukua pikipiki ya ofisi akaja West Indies mchana kweupe, watoto wa ploti wakimkimbilia na kuita, "Daktari, Daktari." Alimkuta Angeline mlangoni, vumbi la njia bado miguuni, Diwani mapajani, na kola bado iko shingoni.

"Mbona hukuikata, Mama?"

"Niliogopa kukosea. Uliyeifunga ni wewe."

Akapiga magoti akaifungua. Chini yake manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi ikabaki na pete nyekundu. Diwani aliinamisha kichwa polepole, akafika nusu, akalala ubavu. Stephen alimgusa mbavu, na mimi niliyesimama kwenye mlango wangu niliona mkono wake ukisita, kwa sababu zilikuwa zinahesabika.

"Nisamehe, Mama. Sikujua."

"Haya."

"Nimekosa sana."

Angeline aliikunja khanga juu ya yule mnyama. "Daktari, hapa kuna wewe, mimi na huyu jirani. Siku ile benchi lilikuwa limejaa. Waliambiwa namlaza njaa. Neno hilo wakaenda nalo nyumbani."

"Unataka niseme mbele yao?"

"Mimi sijataka kitu. Anayeomba msamaha ni wewe."

Jumatatu benchi lilijaa. Angeline alikuja, akaketi mwisho na kikapu chake mapajani. Stephen hakuketi. Alisimama mbele ya meza, mikono haijui pa kwenda, akasema kwamba Mama Angeline hakuwahi kumnyima mnyama wake chakula, kwamba yeye ndiye aliyemnyima kwa ile kola, kwamba hakujua kitu juu ya sungura na alijifanya anajua.

Halafu Mzee Kipkemboi akasema, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma, "Basi Daktari, yule ndama wangu wa mwaka jana, ulijua?"

"Ya ndama nilijua, Mzee."

"Sawa. Nauliza tu." Lakini wazee wawili walikuwa wameshaanza kutazamana, na mmoja akainuka, akafungua kamba ya ndama wake, akaenda zake.

Zamu ya Angeline ikafika.

"Diwani anaendeleaje?" Stephen akauliza.

"Alikufa jana, tulipokuwa kanisani."

Alifunua kikapu. Ndani hapakuwa na kitu ila ile kola, imeoshwa, bandeji imefuliwa ikawa nyeupe. Akaiweka mezani. "Nimekuletea kitu chako. Na nilitaka kusikia ukisema. Nimesikia."

Akatandaza khanga mabegani, akapita mbele ya benchi lote bila kukifunika kikapu.

Stephen hakuitupa ile kola. Ilikaa mezani, karibu na sindano. Kila mgeni aliyeketi huishika, akaigeuza, akauliza, "Daktari, hii ni ya nini?" Naye huinamisha macho, akaanza kusimulia tena tangu mwanzo.