Bakuli la Maini

Mpishi wa shughuli pale Kimamba haonji chakula chake. Huinama juu ya sufuria, akavuta mvuke kwa pua, kisha akaongeza chumvi kwa vidole vilivyokomaa kwa moto. Anayemsemesha akikoroga hujibiwa kwa kutikisiwa mwiko. Miaka yote, katika kila harusi, maini ya ng'ombe aliyatenga kwenye bakuli la chifu. Uchifu ukafutwa, bakuli likabaki, maana hakuna aliyemwambia aliache.

Siku mwana wa chifu huyo alipomwoa binti wa mkata mkonge, wanawake waliokuwa wakichambua mchele hawakunyamaza. "Damu ya chifu kwa manamba! Makubwa," alisema Mwanasha. "Kwani uchifu ulitupa nini?" akauliza Hildegarda. "Harusi za kutazama, shoga!" Wakacheka. Akaingia mke wa mwenyekiti wa chama. "Shikamoo shangazi. Mume wangu anaulizia lile bakuli. Si mkubwa sasa ni yeye?"

"Marahaba." Mpishi alilitazama bakuli. Akimpa chifu, amekaidi chama. Akimpa mwenyekiti, amemwaibisha chifu mbele ya wakwe zake. Akachukua kisu, akayakata maini vipande vidogo, akayamwaga kwenye pilau na kukoroga. "Mwambie yamo humu. Mwenye bahati atayaona."

Wazee waliandaliwa sinia moja. Mwenyekiti alikuwa akifukuafukua wali kwa vidole, mkata mkonge vilevile, na chifu naye, kofia imemshukia usoni, akifukua upande wake.