Msomaji wa Nyuma ya Ukuta

Asubuhi za Mbeya zilimfanya Sista Tekla Kalinga asiwe na hakika kama ameamka. Ukungu uliteremka mlimani, ukaingia darasani bila hodi, ukakaa na wasichana kwenye mabenchi, na kwa nusu saa ya kwanza aliwafundisha watoto wasio na miguu. Alitoka Iringa mwaka 1951 juu ya lori la magunia, akavuka bonde la Usangu amesinzia, na tangu siku ile alihisi kipande cha nafsi yake bado kiko njiani, kinakuja polepole.

Baba yake, Mhehe mfugaji, alimuaga kwa uchungu: "Umekataa mume ili ulee watoto wa watu?"

"Ndiyo, baba. Wengi."

Miaka minne baadaye wengi hao walikuwa thelathini na mmoja, na kati yao Atuganile alisoma kama mtu anayesimulia ndoto tamu kabla haijamtoka. Sista alimwombea jambo moja tu: afaulu mtihani wa darasa la nne, aende shule ya bweni. Asipofaulu angerudi nyumbani kuolewa. Ng'ombe wa mahari walikwisha kufika kwao.

Siku ya mtihani wa kusoma alikuja msimamizi mpya, Mwalimu Isakwisa, mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Zamu ya Atuganile ilipofika, nafasi yake ilikuwa tupu. Sista alimkuta jikoni, amejikunyata nyuma ya mtungi, amejifunika kanga ya mpishi gubigubi.

"Woga huo. Twende."

"Siwezi, Sista. Nisamehe."

"Utaweza."

Akamshika mkono, akamvuta mpaka mlangoni mwa darasa. Hapo Atuganile alianguka kifudifudi. Mwalimu Isakwisa naye akageuka upesi, akaelekea ukutani, koti amelivuta mpaka juu ya kichwa. Wasichana wote wakainamisha nyuso. Ilikuwa kana kwamba Sista amemvua mtu nguo kanisani.

Mpishi, Mama Sekela, alimvuta pembeni. "Wewe Mhehe wewe! Vitabu vyote hivyo, na hili hukulisoma? Yule ni baba wa mchumba wake. Kwetu Wanyakyusa, binti na mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini."

"Mbona hakuniambia?"

"Amtaje mkwe wake kwa kinywa gani?"

Sista alikaa kizingitini mwa jiko. Nyuma yake Atuganile, aliyekimbilia tena jikoni, alilia bila sauti. Sista akauegemea ukuta wa jiko, mianzi iliyosukwa na kukandikwa udongo, na kupitia mgongo akasikia kila pumzi ya yule binti. Akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya mzee.

"Mzee wangu, nimekukosea."

"Kosa la mgeni hulipwa kwa maji ya kunywa," alisema Mwalimu Isakwisa. "Niletee."

Alipokwisha kunywa, Sista akamwuliza: je, akikaa nje ya ukuta wa jiko, na mwanafunzi akasoma ndani, itakuwa dhambi?

Mzee alikigeuza kikombe mkononi. "Nikimfaulisha, mwanangu atangoja miaka mingapi?"

"Minne."

"Minne! Yule hangoji hata ugali uive."

Sista hakumficha ukweli wala hakumbembeleza. Mzee alicheka kidogo, akachukua kigoda mwenyewe, akakiweka ukutani upande wa nje. Sista akaingia jikoni kumpa Atuganile kitabu, akarudi nje.

Sauti ikaanza, nyembamba, ikitetemeka. Kisha ikatulia. Ilipita kwenye udongo kama maji yapitavyo kwenye nyasi, ikatokea nje kwenye ukungu bila mwenyewe, na hadithi ya kitabuni, ya mto na daraja, ikawa mto wenyewe. Mwalimu Isakwisa alifumba macho. Kalamu ilisimama juu ya karatasi muda mrefu, hata Sista akaacha kuomba akabaki kuitazama.

Kisha ikaandika.

"Aliyesoma simjui," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Sikumwona. Lakini mtu huyo amefaulu, na bweni aende. Kijana wangu nitazungumza naye mwenyewe, na atanuna."

Ndani, hakuna aliyemwambia Atuganile aache kusoma. Alikuwa amefunua ukurasa, ameingia somo la pili. Sista akanyanyuka kumkatiza.

"Mwache," alisema mzee, bado amefumba macho. "Mwache avuke."