Ukuta Uliosuguliwa kwa Sabuni

Nilikuwa na miaka miwili tu katika kazi ya kupaka rangi nyumba pale muuguzi mmoja mstaafu wa Makambako aliponiita nimpambie sebule. Binti yake alikuwa anavishwa pete Jumamosi. Nilitoka Njombe Jumatatu na basi la asubuhi, nimebeba ndoo mbili, rola, brashi na kipande cha godoro kuukuu, nikafikia kwa dada yangu, mtaa wa pili kutoka kwa muuguzi huyo.

Kipande hicho cha godoro ndicho kilichokuwa kinaniletea wateja. Nilijifunza kwenye video za simu, nikafanyia majaribio ukuta wa jikoni kwangu mpaka mume wangu akauliza kama tumehamia ndani ya ngozi ya chui. Unapaka rangi ya chini, unaiacha ikauke vizuri, kisha unachovya sponji hiyo ya godoro kwenye rangi ya pili iliyozimuliwa kwa maji, unaikamua, unaigusisha ukutani huku ukiigeuzageuza mkononi ili alama zisifanane. Kingo zake lazima uzinyofoenyofoe, la sivyo ukuta unajaa miraba kama mihuri ya ofisini.

Jumatano jioni nikamaliza ukuta mkubwa unaotazamana na mlango: chini rangi ya maziwa, juu yake mawingu ya kahawia hafifu. Mama mwenye nyumba alirudi kinyumenyume kuutazama mpaka akagonga kabati.

"Fundi, mbona kama hoteli!"

Alhamisi asubuhi nilipofika, nilimkuta sebuleni mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini hivi, aliyeletwa jana yake usiku kutoka kijiji cha karibu na Ilembula. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, beseni la maji ya sabuni miguuni, stilwaya ya kusugulia masufuria mkononi. Kwa baridi ile ya Julai rangi ilikuwa bado haijashika, na nusu ya ukuta wangu ilikuwa imeshaingia kwenye beseni.

"Kamwene, bibi," nilimsalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Njoo unisaidie huko juu, mimi sifiki. Wamekaa na ukungu ukutani hivi hivi, na wageni wanakuja keshokutwa!"

Mama mwenye nyumba akatokea jikoni, mikono kichwani. "Mama! Hiyo ni rangi! Ni pambo hilo!"

Bibi akautazama ukuta, akaitazama stilwaya, kisha akanigeukia. "Kuna mtu kafanya hivi kwa makusudi?"

"Ni mimi, bibi."

Nilikuwa karibu kulia, ila mama mwenye nyumba alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajikuta nacheka pia. Bibi hakucheka. Alikwenda kukaa kwenye kochi, akakataa hata chai, ameinamisha kichwa kwa aibu. Nilimwonea huruma. Nikamuuliza wao zamani walipambaje nyumba.

"Tulikandika," alisema. "Halafu tunapaka udongo mweupe wa bondeni. Kabla haujakauka, unachora kwa vidole."

"Utanionyesha?"

Siku ile nilipaka ukuta wote rangi ya maziwa upya, tukaacha madirisha wazi, na upepo wa Makambako ukafanya kazi yake. Ijumaa asubuhi nikawa napaka kahawia kipande kidogo kidogo, na bibi ananifuata nyuma. Alitanua vidole vinne, akavuta mkono kutoka begani, na rangi ya maziwa ikajitokeza katika mistari minne iliyopinda kama upinde. Wa kwanza ulitetemeka. Kufikia wa tatu alikuwa ameshasahau aibu, ananena Kibena peke yake na kunisukuma kwa kiwiko nimpishe. Nilipojaribu mimi, alinishika mkono.

"Usikandamize. Unapapasa, hukwangui."

Alipofika usawa wa kichwa chake ndipo tulipoishia. Juu nikaacha rangi ya maziwa tupu. Nilirudi nyuma kuangalia. Pinde zilifuatana toka kona hadi kona, hakuna uliolingana na mwenzake, na sebule nzima ilikuwa imechangamka kuliko nilivyoiacha Jumatano.

Wageni walipofika, mjomba wa bwana harusi mtarajiwa alisahau hata kukaa. Akauliza fundi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, bibi akajibu kutoka kwenye kochi:

"Tuko wawili. Huyu anapaka, mimi naharibu."

Watu wakaangua kicheko, na mjomba akaomba tumpakie sebule na chumba cha wageni katika nyumba yake ya Njombe mjini. Siku ya kazi nilikwenda mwenyewe kijijini kumchukua bibi. Alikaa kwenye kiti akinikosoa kuanzia asubuhi mpaka mchana, tukala viazi vya kuchemsha, kisha akasema mkono wangu sasa unapapasa, chumba cha wageni naweza kukimaliza peke yangu.